Uzi wa Magodoro

Mume wangu wanamwita Ngedere, na yeye analifurahia jina hilo kana kwamba ni cheo. Ana miaka hamsini na nane, na tumbo limeanza kumtangulia mlangoni, lakini mpe mti wowote ulionyooka, atakuwa juu kabla hujamaliza kumsalimia. Kazi yake ni kuning'iniza madungu. Dungu, kwa asiyelijua, ni kiti cha chuma chenye ubao mdogo wa kuwekea miguu. Hufungwa juu sana kwenye mti ili mwindaji akae humo, amngoje nguruwe pori apite chini bila kumnusa. Wageni wanatoka mbali kuja kukaa juu ya mti kutwa nzima wakiwa kimya. Niliwahi kumuuliza, mtu mzima na akili zake anakosa nini huku chini? Akanijibu niwaulize wenyewe, yeye ni wa kufunga tu.

Na mikanda ya kufungia namshonea mimi. Nina cherehani kubwa nyeusi ya kushonea maturubai na magodoro, imekaa mlangoni kwenye kichumba changu cha mbele, na mguu wangu umezoea kanyagio lake kuliko ulivyozoea kiatu. Zamani kambi ya wawindaji ilikuwa inaagiza mikanda ya kiwandani. Siku moja mume wangu akamwambia mwenye kambi kwamba mkewe anashona mizuri zaidi. Yule bwana akacheka. Wakaning'iniza magunia mawili ya mchanga, moja kwa mkanda wa kiwandani, jingine kwa mkanda wangu. Siku ya tatu la kiwandani likaanguka. Langu lilikaa mpaka panya wakaligeuza nyumba. Tangu hapo kila dungu lililoko kwenye pori lile limeshikwa na mshono wangu.

Nina tabia moja, niiseme mwenyewe kabla wifi yangu hajaniwahi kuisema: mimi sijui kukosea. Mwalimu mmoja alinirudishia suruali, mguu mmoja mfupi. Nikamwambia mguu wake ndio mrefu. Akaondoka anajipima. Mume wangu huwaambia watu kwamba katika nyumba yake neno "sijui" halijawahi kuvuka kizingiti. Ukimuuliza huyu mvua itanyesha lini, husema, atakutajia na saa. Mimi nilikuwa naona ni sifa.

Yeye naye ana sheria yake moja, hajaivunja hata siku anaumwa: aliyefunga dungu ndiye anayekaa kwanza. Akishafunga, anakaa humo, anatoa mkate wake, anautafuna taratibu mpaka uishe. Kama mkate umeshuka na dungu halijashuka, anasema, basi mgeni aje. Zamani walikuwa wawili, yeye juu na mwenzake chini ameshika kamba. Msimu uliopita mwenye kambi akamwachisha yule mwenzake. Wageni wamepungua, alisema, na Ngedere anatosha. Niligomba siku nzima. Mume wangu akaniambia, "Fundi, nikikataa kupanda peke yangu, na mimi nitakaa nyumbani nikuhesabie vifungo." Tunaitana fundi, mimi na yeye. Basi nikanyamaza, na akawa anapanda peke yake.

Jioni ya siku ile alirudi na mikanda miwili iliyochoka. Mmoja ulikuwa wa dungu la mti wa mtoni, lililo mbali kuliko yote. Wa pili ulikuwa mkanda wake wa mwili, ule unaozunguka shina la mti na kuja kumshika kifuani, ili akiteleza abaki ananing'inia badala ya kufika chini. Akaniomba niishone upya yote miwili, asubuhi anaihitaji, wageni wanaingia kesho yake. Nikakaa kwenye cherehani. Wifi yangu, dada yake, naye akaingia, akavuta kiti, akaanza habari za mkwe wake, yule binti aliyeolewa na mwanawe. Hapikii watu, halali mapema, haamki mapema. Mimi nashona na kuitikia, nashona na kuchochea. Kusema kweli habari zilikuwa tamu. Nakumbuka uzi uliisha katikati nikabadilisha roli, mkono ukaingia kwenye kapu bila macho kufuata. Nilipomaliza, mume wangu akavuta mishono kwa mikono yake miwili, akaridhika, akaniambia mkono wangu haujazeeka.

Asubuhi aliondoka kabla sijanywa chai. Mimi nikafungua mlango wa mbele, nikaweka foronya ya godoro kwenye cherehani, nikashona mstari mmoja. Mkasi ulikuwa mbali. Nikauzungusha uzi kidoleni, nikauvuta. Ukakatika.

Nilibaki nimekiangalia kidole changu. Uzi wa mikanda ni wa nailoni. Ukiuvuta kwa kidole kitakatika kidole kwanza. Uzi unaokatika kwa mkono ni wa pamba, ule mnene tunaoshonea magodoro, mweupe vilevile na mnene vilevile. Na uliokuwa kwenye cherehani, ulioachwa pale jana na mkono wangu mwenyewe, ulikuwa huo. Uzi wa pamba unashika godoro. Haushiki mtu. Kwa mvuto wa mkono unakaa, kwa uzito wa mwili unakaa kidogo, halafu unaachia mshono mmoja mmoja mpaka unaisha.

Nilipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena na tena, na nilijua ninachokifanya ni bure, kwa sababu simu yake huiacha kwenye mfuko chini ya mti. Aliwahi kuipokea akiwa juu, akakaribia kuwa marehemu kwa ajili ya mtu aliyekosea namba. Nikatoka bila kufunga mlango. Mwenye pikipiki wa pale kona alianza kuniuliza habari za nyumbani, nikapanda nyuma yake nikamwambia aendeshe kwanza, nyumbani tutaulizana baadaye.

Njia nzima nilikuwa napanga mambo kichwani. Roli nilibadilisha mara moja. Mwisho lilikuwa la pamba. Kwa hiyo mwanzo lilikuwa la nailoni. Mkanda mmoja mzima, mmoja mbovu. Mbovu ni ule niliomalizia. Na nilimalizia upi? Niliutafuta ule mkanda wa mwisho kichwani kama mtu anayetafuta funguo gizani, nikakuta maneno ya wifi tu. Nilikumbuka mkwe alivyomwaga mchuzi. Nilikumbuka wifi alivyovua viatu. Mkanda sikuuona popote. Nilitamani kujipiga kofi, na nadhani nilijipiga, kwa sababu mwenye pikipiki aligeuka.

Kambini, mtunza stoo akasema Ngedere kaenda mti wa mtoni tangu alfajiri, lazima sasa ameshafunga. Pikipiki ikatufikisha mwisho wa njia ya magari. Kutoka pale ni kijia cha miguu. Nikamwambia mwenye pikipiki arudi mbio akalete watu na ngazi ndefu, ya mbao, ya chuma, yoyote, na yeye kwa kuniona uso hakuuliza ya nini. Mimi nikakimbia. Nina miaka hamsini na mbili na sijakimbia tangu niolewe. Kandambili moja ilibaki kwenye tope na sikuirudia.

Nilimkuta juu. Mti ule umenyooka, shina tupu bila tawi mpaka juu kabisa, na yeye alikuwa ameketi kwenye dungu sawa na mtu aliye kibarazani, kama ghorofa ya tatu hivi, anatafuna mkate. Aliponiona akafurahi. Akauliza kama nimemfuata kwa mapenzi au kwa ugomvi.

Nikamwambia asitikisike. Nikamwambia uzi. Pumzi ilikuwa inakatika, nikamweleza vipande vipande: jana, uzi wa magodoro, mkanda mmoja kati ya miwili, umeshonwa na pamba. Mkate ulimwanguka, ukaja kutua karibu na mguu wangu. Akaniambia kwamba tangu alipoketi amekuwa akisikia kitu kinalia ta, ta, akadhani ni wadudu kwenye gome.

Mtu atauliza, kwa nini asishuke? Ngazi ya kamba aliyokuwa ameiandalia mgeni ilikuwa inaning'inia kwenye dungu lenyewe. Akiikanyaga, uzito wote unakwenda kwenye mkanda wa dungu. Njia ya pili ilikuwa kushuka kwa mkanda wake wa mwili, ameuegemea na kuusogeza chini hatua kwa hatua, na hapo uzito wote ni kwenye mkanda wa mwili. Vyuma vyake vya miguuni vya kukwelea na kamba yake ndefu alikuwa ameshavishusha, vilikuwa kwenye mfuko pale nilipo, kwa sababu mgeni hapendi kukuta dungu lina takataka. Nikaichukua ile kamba, nikafunga jiwe, nikarusha. Haikufika hata nusu. Nikarusha tena. Mara ya nne jiwe lilirudi likanipiga begani, na yeye kutoka juu akaniambia kwa upole niache, nitajiumiza.

Kule juu kikalia tena, ta. Safari hii hata mimi nilisikia.

Hapo ndipo akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile anayoniulizia kama chumvi imekolea.

"Fundi. Mbovu ni upi? Wa dungu au wangu?"

Ilikuwa juu yangu. Nikisema wa dungu, angeuamini mkanda wake wa mwili na kushuka nao. Nikisema wa mwili, angeuvua na kukanyaga ngazi. Na ninataka niseme ukweli mtupu hapa, maana sijamwambia mtu mwingine: jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Lilikuja lenyewe, kama yanavyokuja yote. Wa dungu. Lilikuwa limesimama kwenye ulimi, safi, la uhakika, sina sababu yoyote ya kulisema ila kwamba nimeulizwa na mimi ni mtu wa kujibu. Nilimwangalia pale juu. Nyayo zake nilizokuwa naziona zilikuwa na ile ngozi iliyopasuka kisiginoni ambayo kila siku namwambia apake mafuta. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

"Sijui," nikasema.

"Hujui?"

"Sijui, mume wangu. Nilikuwa naongea na dada yako. Sikuangalia. Nimekosea na sijui."

Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Badala yake akaanza kufungua bizimu ya mkanda wake wa mwili. Nikapiga kelele anafanya nini. Akasema kama sijui mimi, hakuna anayejua, basi hauamini hata mmoja. Atashuka kwa kuukumbatia mti kama alivyokuwa anafanya utotoni. Nikamsihi auache mkanda angalau umsaidie. Akasema mkanda ukiwepo mwili utauegemea tu, utake usitake, na hataki kujaribiwa. Akauvua, akaukunja, akaurusha chini kwangu.

Kisha akalikumbatia shina. Alipohamisha matako kutoka kwenye kiti, dungu likaachia. Halikupasuka kwa kishindo, lilivuta pumzi ndefu ya mishono, likaanguka na ngazi yake, likanipita upande. Mume wangu alibaki kwenye mti kwa mikono na mapaja yake.

Sijui alichukua muda gani. Mti ule magome yake ni kama tupa. Alikuwa anateleza shibiri moja, anasimama, anapumua, anateleza tena, na kila alipopita aliacha alama nyekundu kwenye shina. Shati liliisha kwanza, halafu ngozi. Mimi nilikuwa chini nimefungua mikono kana kwamba ningeweza kumdaka. Nilimwambia maneno yote niliyowahi kumnyima. Nilimwambia nampenda, nilimwambia ile suruali ya mwalimu niliikata vibaya, nilimwambia asiniache na dada yake. Nadhani alicheka kwa hilo la mwisho, kwa sababu kifua kilitikisika.

Mikono ilimwishia akiwa bado juu, kupita kidogo urefu wa milango miwili ya nyumba. Aliachia. Nilisikia mguu ukivunjika. Aliponiangalia macho yalikuwa wazi, na nikakaa kwenye matope nikakishika kichwa chake mpaka watu wakaja na ngazi ambayo haikuwa na kazi tena.

Hospitali wakasema mguu umevunjika mahali pawili na nyonga imesogea. Atatembea, daktari akasema, kwa fimbo. Kupanda asahau. Mume wangu akageuza uso ukutani. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji mpaka mabegani, kwa hiyo hata kujifunika uso hakuweza.

Siku ya pili wifi akaja na chakula, na ulimi wake nyuma ya chakula. Kila mtu alikuwa ameshapiga hesabu. Lililoanguka ni dungu, kwa hiyo mkanda mbovu ulikuwa wa dungu. Kwa hiyo mkanda wa mwili ulikuwa mzima. Kwa hiyo kaka yake angeushukia taratibu kama siku zote, saa hii angekuwa nyumbani na ngozi yake na miguu yake. "Siku zote unajua kila kitu, wifi," akaniambia mbele ya kitanda, "siku moja tu uliyotakiwa kujua, ukasema hujui." Ningemjibu nini? Lilikuwa mdomoni, jibu lenyewe, sahihi, nikalimeza. Usiku na mchana nilikuwa nalisikia. Sili, nikilala naota nimelisema na yeye anashuka mzima mzima, anaokota mkate wake. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilichukua lile kapu la nyuzi nikalirusha uani, nikalifuata nikalipiga teke.

Siku ya nne mtunza stoo alileta vitu vyake: vyuma, kamba, mikanda yote miwili. Nilikaa navyo kwenye kichumba changu cha mbele. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nadhani nilitaka kuuona ule mshono wa nailoni kwa macho yangu, mzuri, mzima, niumie vizuri. Mafundi tuna njia yetu: ukitaka kuujua uzi, uchome. Nailoni inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba inawaka, inanuka karatasi, inabaki jivu. Nikachomoa uzi kwenye mabaki ya mkanda wa dungu, nikawasha kiberiti. Jivu. Hilo nililijua. Nikafumua uzi kwenye mkanda wa mwili, kwa ncha ya sindano, polepole, nikawasha kiberiti cha pili.

Jivu.

Nikachoma mwingine, kutoka upande wa pili wa mkanda. Jivu. Nikachoma mpaka njiti zikabaki tatu. Ndipo kichwa kikafunguka: roli lililoisha jioni ile lilikuwa la pamba, limekaa kwenye cherehani tangu magodoro ya juzi yake, na nililoweka badala yake lilikuwa la pamba vilevile. Sikugusa nailoni kabisa. Nikaushika mkanda wa mwili, nikaukanyaga upande mmoja, nikauvuta kwa uzito wangu wote na mgongo. Mara ya tatu uliachia mikononi mwangu, ta, ta, ta, nikaanguka kitako.

Nilikwenda hospitali vile vile nilivyo, na masizi vidoleni. Wodini kulikuwa na vitanda sita na wageni wao. Nikamwinamia nikamwambia yote. Kwamba mikanda yote miwili ilikuwa pamba. Kwamba alipouliza nilikuwa na jibu tayari, na ningelisema angekufa, na ningesema la pili angekufa vilevile. Nikamwambia mimi ndiye niliyekaribia kumuua, mara mbili kwa mkono na mara moja kwa mdomo.

Akasogeza ule mkono wa bandeji mpaka ukafika kwenye goti langu.

"Fundi," akasema, "asante kwa kutojua."

Nikalia palepale, mbele ya vitanda vyote sita, na muuguzi alipokuja kuniuliza kama nina maumivu, nikamwambia ndiyo.